Don Bosco na Vijana Watukutu



Tukilisikia jina la Mtakatifu Yohane Bosco, tunamwazia padre mpole anayetabasamu katikati ya watoto. Picha hiyo si ya uongo, ila inaficha jambo: mikono yake ilikuwa mizito. Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kaskazini mwa Italia. Baba alifariki yeye hajatimiza hata miaka miwili, akalelewa na mama yake Margherita. Akiwa na umri wa miaka tisa hivi aliota ndoto: watoto wanacheza na kutukana, naye akawavamia kwa ngumi. Humo humo ndotoni akaelekezwa kwamba hao hawapatikani kwa ngumi, bali kwa upole.

Sasa usidhani aliamka asubuhi amebadilika! Alipokuwa akisoma Chieri, siku moja mwalimu alichelewa kuingia, na darasa lisilo na mwalimu sote tunalijua. Wakorofi wakaanza kumpiga Luigi Comollo, mwanafunzi mkimya asiyelipiza. Bosco akapandwa na hasira. Hakuwa na kiti wala fimbo karibu, basi akamkamata mmoja wao mabegani akamtumia kama rungu la kuwapigia wenzake. Mwalimu anaingia, anaona mikono na miguu ikipepea tu hewani. Alipoelezwa kisa akacheka, adhabu ikasahaulika. Aliyemwonya Bosco ni Comollo mwenyewe: Mungu hakumpa nguvu zile ili aumize wenzake.

Alipata upadrisho mwaka 1841, akabaki Torino. Akiongozwa na Padre Yosefu Cafasso alitembelea magereza, akaona vijana wadogo wanaotoka na kurudi tena. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, sakristani mmoja alimchapa na kumfukuza kijana aitwaye Bartolomeo Garelli kwa kuwa hakujua kutumikia Misa. Don Bosco akaagiza aitwe arudi, akaongea naye kirafiki, akaanza kumfundisha katekisimu. Utume wake wote aliuhesabu kuanzia hapo.

Sisi tuliosoma falsafa tunapenda kuanza na kanuni. Yeye alianza na uwanja wa michezo, na kanuni akaziandika baadaye sana, mwaka 1877, akiziita Mfumo wa Kuzuia. Kwa ufupi, mwalimu awe pamoja na wanafunzi kabla kosa halijatokea, sheria zijulikane mapema, viboko visiwepo, na mtu asikaripiwe mbele ya wenzake. Kwa kijana anayejua kwamba anapendwa, hata mwalimu kumnyima ule uso wa furaha ni adhabu tosha.

Mfano ni Michele Magone. Don Bosco alikutana naye mwaka 1857 kwenye stesheni ya treni ya Carmagnola, akiwa jemadari wa kundi la watoto wa mitaani. Alikuwa ameshafukuzwa darasani mara kadhaa, na bado darasa la tatu alilimaliza vizuri. Yaani, akili anazo, kutulia ndiyo shida. Alipopokelewa Torino hakupewa msimamizi wa kumkazia macho, bali rafiki wa kumrekebisha polepole. Mwezi wa kwanza alishangilia michezo, kisha akaanza kunyong'onyea na kulia peke yake. Don Bosco hakumwacha, alimwita, akazungumza naye, akamsaidia kuungama vizuri. Magone alifariki Januari 1859, hajatimiza miaka kumi na minne. Don Bosco mwenyewe aliandika maisha yake.

Lakini kinachonigusa zaidi ni barua ya tarehe 10 Mei 1884. Alikuwa Roma, mzee, amechoka. Akaandikia nyumba yake ya Valdocco kwamba ameona ndotoni viwanja viwili. Cha zamani kimejaa kelele, na walimu wanacheza humo humo. Cha wakati ule, vijana wameegemea nguzo, wananong'ona, na walimu wanaongea wao kwa wao pembeni. Nidhamu imekuwa ya woga, na hayo yanatokea kwake mwenyewe! Akawaambia haitoshi vijana kupendwa. Ni lazima watambue kwamba wanapendwa. Akawaomba walimu warudi uwanjani.

Alifariki tarehe 31 Januari 1888. Barua hiyo bado huchapwa pamoja na Katiba ya Wasalesiani.