Idi Amin Hakusimama Kizimbani

Wazee wa Bukoba na Muleba hawahitaji kuambiwa Idi Amin alikuwa nani. Lakini wafanyakazi na wanachama waliozaliwa baada ya vita yafaa wayajue maisha yake, kwani yana fundisho juu ya cheo na sheria.

Amin aliingia katika jeshi la Waingereza la K.A.R. mwaka 1946. Tarehe 25 Januari, 1971, akiwa mkuu wa jeshi la Uganda, aliipindua serikali ya Rais Milton Obote. Mwezi wa Oktoba, 1978, ndege zake zilitupa mabomu Bukoba, vioo vya madirisha vikavunjika na watu wakaingiwa na hofu kuu. Kisha askari wake waliivamia nchi yetu hadi Mto Kagera, wakaua raia, wakapora ng'ombe, na kulivunja daraja la Kyaka. Majeshi yetu yaliwafukuza, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili, 1979. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti, 2003. Hapana hakimu aliyemwuliza habari za damu ile.

Je, lililotendwa kwa amri ya Rais halina mashtaka? Sisi twasema cheo ni dhamana, wala si pango la kujifichia. Mwaka 1998, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda. Mwaka 2016, huko Dakar, Hissène Habré aliyekuwa Rais wa Chad alipata hukumu kama hiyo.

Katiba yetu, katika ibara ya 46, yakataza kumshtaki Rais aliyestaafu kwa jambo alilolifanya kama Rais, ila kama aliondolewa na Bunge kwa makosa yake. Kinga hiyo twaikubali. Kiongozi aamuruye jeshi kuilinda nchi, kama ilivyokuwa mwaka 1978, hapaswi kutoa amri huku akiiogopa mahakama ya kesho. Lakini kumlinda mtumishi wa wananchi ni jambo moja, na kumficha mwuaji wao ni jambo jingine. Wenye kuzitenga njia hizo mbili ni Wabunge. Wakiogopa kumwondoa mkosaji, ngao yetu itageuka kuwa pango, na waliouawa watakosa wa kuwasemea, kama walivyokosa ndugu zetu wa ng'ambo ya Kagera.