Harry Thuku na kebe la shingoni

Askari akikusimamisha Mwiki usiku akuambie utoe kipande, unajua anataka kitambulisho. Neno hilo lina historia chungu, na kijana aliyeipigia kelele alitoka hapa hapa Kiambu.

Harry Thuku alizaliwa Kambui mwaka 1895. Alisomeshwa na wamishonari, kisha akashuka Nairobi kusaka riziki. Alipanga herufi za chuma kwenye mtambo wa gazeti la Leader, halafu akaajiriwa kwenye simu za Hazina ya serikali. Jamaa alikuwa na ujuzi wake.

Zamani kule Uholanzi, fundi wa chama cha ufundi alikuwa na kipande cha chuma chenye jina lake. Mwenzao akifa, alikipeleka mazishini kuonyesha kwamba amefika. Asiyefika alilipa faini. Chuma hicho kilisema: huyu ni wetu.

Chuma cha Kenya kilisema: huyu ni wa tajiri fulani. Kuanzia karibu 1920, wanaume Waafrika wa miaka 16 kwenda juu walibeba karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kebe la kuning'iniza shingoni. Tajiri aliandika humo mshahara, siku ya kuanza kazi na ya kuacha. Asipotia sahihi, huandikwi kwingine. Ukihepa, polisi wanakusaka. Tajiri mpya naye akisoma ulikuwa unalipwa kidogo, mbona akuongeze? Fundi na kibarua, wote kebe lile lile.

Mwaka 1921 masetla walipoamua kukata mishahara kwa theluthi moja, Thuku aliunda East African Association, chama cha watu wa makabila mbalimbali. Walipinga kodi, kipande na wanawake kulazimishwa kazi. Kazi ya Hazina ikaisha.

Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi. Mary Muthoni Nyanjiru akawasuta wanaume kwa woga wao, watu wakasonga mbele, risasi zikalia. Mary aliuawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa kizuizini karibu miaka 9.

Aliporudi alikuwa amepoa, hata akapinga Mau Mau, na wengi hawakumsamehe. Alilima kahawa hadi alipofariki 1970.

Kebe liliondoka miaka ya 1940. Lakini muulize kijana wa mjengo hapa Mwiki: kitambulisho chake kinasema alizaliwa wapi. Kwamba anajua kusimamisha ghorofa, hakuna mahali pameandikwa.