George Boole: mtoto wa fundi viatu aliyeacha 0 na 1

MUSCAT - Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa mwaka 1986, hukutana na jina la George Boole anapoanza somo la saketi za mantiki. Wengi hulipita haraka wakiwaza mtihani. Mwenye jina hilo mwenyewe hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na alifariki kabla taa ya umeme haijaingia majumbani.

Boole alizaliwa tarehe 2 Novemba 1815 mjini Lincoln, Uingereza. Baba yake, John, alikuwa fundi viatu aliyependa zaidi kuunda darubini, na biashara ikamwendea kombo. Akiwa na umri wa miaka 16 kijana akaajiriwa ualimu, na ndiye aliyewatunza wazazi na wadogo zake. Hisabati ya juu alijisomea. Mwaka 1849 alipewa uprofesa katika chuo kipya cha Queen's mjini Cork, Ireland, bila ya shahada yoyote.

Kitabu chake kikubwa kuhusu kanuni za fikra kilitoka mwaka 1854, wakati Muscat na Zanzibar zingali chini ya mtawala mmoja, Sayyid Said bin Sultan. Humo Boole aliichukua aljebra, elimu ambayo hata jina lake ni la Kiarabu, akaitumia kupima hoja badala ya idadi. Tuseme herufi x ni tende zote zilizomo kapuni. Ukichagua tende, kisha katika ulizochagua ukachagua tena tende, unabaki na zilezile. Kwa hiyo x mara x ni x. Sasa jaribu namba: 2 mara 2 ni 4, imekataa. 3 nayo imekataa. Zinazokubali ni 0 na 1 tu. Inasikitisha kwamba mara nyingi wanafunzi hukaririshwa majedwali kabla ya kuonyeshwa jambo hili.

Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon, mwanafunzi wa MIT mwenye miaka 21, alionyesha kuwa swichi za umeme zinafuata hesabu hiyohiyo. Swichi mbili zikipangwa mfululizo ni NA: taa haiwaki mpaka zote ziwashwe. Zikipangwa sambamba ni AU: moja inatosha. Ongeza SI, inayogeuza 1 kuwa 0, na kwa hizo tatu hujengwa saketi za kujumlisha na hata za kuhifadhi kumbukumbu. Darasani Muscat maneno hayo husomeshwa kwa Kiingereza, lakini kijana anayezungumza Kiswahili nyumbani anayo tangu utotoni.

Boole hakuyaona hayo. Mwishoni mwa mwaka 1864 alitembea kwenye mvua kubwa kwenda kufundisha, akasomesha na nguo zilizolowa, akashikwa na homa ya mapafu. Inasimuliwa kwamba mkewe Mary, aliyeamini ugonjwa hutibiwa kwa kile kilichouleta, alimfunika mashuka yaliyoloweshwa maji. Alifariki tarehe 8 Desemba akiwa na miaka 49, akaacha binti watano, mdogo wao hajatimiza mwaka.