Farrokh Bulsara, mtoto wa Unguja aliyeimbisha dunia

Vijana wetu hapa Maskati wanatumiana nyimbo za Queen kwenye simu mchana na usiku, na wengi wao hawajui kama yule mwimbaji mwenye masharubu alizaliwa Unguja. Nikiwaambia wanacheka, wanadhani mwalimu anawatania.

Jina alilopewa na wazee wake ni Farrokh Bulsara, na alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu wakati wa Mngereza. Walikuwa Maparsi, asili yao Gujarati, jamii ndogo ambayo wakongwe wa Mji Mkongwe wanaikumbuka vizuri. Alipokuwa na miaka 8 hivi akapelekwa India, skuli ya bweni ya St. Peter's, Panchgani. Huko akapiga piano, akaanzisha bendi na wenzake. Lakini mtoto wa miaka 8, bahari nzima baina yake na mama yake! Mie nimefundisha watoto wa bweni miaka mingi, najua usiku wa kwanza unavyokuwa.

Mwaka 1963 akarudi Unguja. Hakukaa. Januari 1964 yakatokea yale tunayoyajua sote, na familia ikahamia Uingereza, ikaishi Feltham, karibu na uwanja wa Heathrow. Alikuwa na miaka 17. Wengi mnaosoma hapa mna hadithi kama hiyo majumbani mwenu.

Akasomea sanaa ya michoro Ealing, akauza nguo soko la Kensington, mpaka 1970 alipoungana na Brian May na Roger Taylor. John Deacon akaja 1971. Jina la Queen alilichagua yeye, na lake akalifanya Freddie Mercury.

Mwaka 1975 ukaja "Bohemian Rhapsody", karibu dakika 6. Waliambiwa ni mrefu mno, redio hazitaupiga. Nakala ikamfikia mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, akaupiga mara 14 katika siku 2. Kumbe mtu mmoja akiupenda wimbo na akawa hawezi kunyamaza nao, inatosha. Ukakaa wiki 9 namba moja Uingereza. Ndani yake mna neno ambalo sie Waislamu tunaanzia kila jambo. Wako wasiopenda kulisikia humo. Mie nikilisikia namkumbuka alikozaliwa.

Sie nyimbo zile zilitufikia kwa kaseti, zimerikodiwa kaseti kwa kaseti mpaka sauti imechujuka. Niliyoipenda khasa ni "Somebody to Love" ya 1976. Nimesoma skuli ya misheni, kwaya nimezisikia tokea utotoni, na niliposikia sauti zile nikadhani ni kwaya nzima ya kanisa. Wallahi ni watu 3 tu, Mercury, May na Taylor, wamerikodi sauti zao juu kwa juu.

Jukwaani alikuwa na jambo jengine: anaacha kuimba, watu wanaendelea. Rio de Janeiro, 1985, umati uliimba "Love of My Life" kwa Kiingereza, nao ni watu wa Kireno. Julai mwaka ule ule, Wembley, kwenye Live Aid ya kuchangia wenye njaa Ethiopia, dakika 20 hivi zilimtosha kuwashika watu wapatao 72,000 mkononi.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana ukimwi. Kesho yake akafa, ana miaka 45. Miaka ile ugonjwa ule hata kwetu ulikuwa hautajwi, mgonjwa anafichwa chumbani na jirani haulizi. "Bohemian Rhapsody" ukatolewa tena, pesa zikaenda kwa shirika la kusaidia wagonjwa, ukarudi namba moja.

Mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa Kizoroasta, kwa dini ya wazee wake. Unguja ipo nyumba ya makumbusho yake, Shangani, tokea 2019. Mkienda likizo na watoto, wapitisheni.