Wei Jiangong: Lugha ya nyumbani ilikuwa daraja lake
Mwanaisimu wa China, Wei Jiangong, mzaliwa wa Jiangsu mwaka 1901, alipelekwa Taiwan mwaka 1946 kuongoza kamati ya kueneza lugha ya taifa. Kisiwa hicho kilikuwa kimetawaliwa na Japani kwa miaka 50, na vijana wengi waliosoma hawakukijua Kichina sanifu.

Wei alitaka Kihokkien, lahaja ya wakazi wengi, kihuishwe kwanza, kisha wanafunzi walinganishe sauti na maneno yake na ya Kichina sanifu. Miaka ya baadaye, Wei akiwa amekwisharejea Beijing, watoto wa Taiwan waliadhibiwa shuleni kwa kusema lahaja hiyo hiyo.

Wei, aliyesimamia kamusi ya Xinhua iliyotoka mwaka 1953, alifariki dunia mwaka 1980.