Giambattista Bodoni: Mchonga Herufi wa Parma

Kichwa cha habari chenye herufi ndefu, nyembamba na zilizokaribiana, zenye mistari minene ya wima na ya ulalo iliyo myembamba kama unywele, humvuta msomaji kabla hajatambua maneno yenyewe. Umbo hilo lina deni kubwa kwa Giambattista Bodoni.

Bodoni alizaliwa mwaka wa 1740 mjini Saluzzo, kaskazini mwa Italia, katika ukoo wa wapiga chapa. Babake ndiye aliyemfunza kazi. Mwaka wa 1758 alikwenda Roma, akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji cha Propaganda Fide, idara ya Kanisa Katoliki ya kueneza injili. Huko alijifunza hati za lugha za Mashariki na kuanza kuchonga herufi. Mwaka wa 1766 alifunga safari ya Uingereza, kwa John Baskerville, mchapaji aliyemstahi, lakini maradhi yakamrudisha nyumbani. Miaka miwili baadaye, mtawala wa Parma alimwita asimamie kiwanda chake cha uchapaji. Alidumu Parma hadi alipofariki mwaka wa 1813.

Mwanzoni aliiga herufi za Mfaransa Pierre-Simon Fournier. Kadiri miaka ilivyopita, alizidisha tofauti baina ya mstari mnene na mwembamba, na vistari vya mwishoni mwa herufi, yaani serifu, akavifanya bapa na vyembamba mno. Jamaa ya Didot mjini Paris nayo ilifuata mkondo uo huo. Kazi ilidai subira: kila herufi ilichongwa kinyume kwenye ncha ya feleji, ikagongwa kwenye shaba kupata kalibu, kisha risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa.

Hata hivyo, uzuri huo ulikuwa na gharama. Herufi hizo zikiwa kubwa hupendeza. Zikiwa ndogo, mistari myembamba hufifia na ile minene huyachosha macho. Bodoni alichapisha vitabu vya kifahari vyenye pambizo pana, vilivyowafaa wafalme na matajiri kuliko msomaji wa kawaida. Katika karne ya 19, Mwingereza William Morris alizikashifu vikali herufi za aina hiyo.

Bodoni hakuwahi kuiona kazi yake kuu ikikamilika. Mjane wake, Margherita Dall'Aglio, ndiye aliyeitoa *Manuale tipografico* mwaka wa 1818, katika juzuu 2 zilizokusanya herufi alizozichonga maishani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Morris Fuller Benton alizifufua herufi zake. Zilipopunguzwa upana, maneno mengi yaliweza kuenea katika safu finyu ya gazeti bila kupoteza ukubwa wala haiba.

Hivyo basi, herufi zilizochongwa kwa ajili ya maktaba za wakuu zilipata makao katika magazeti na mabango ya watu wote. Udhaifu wake katika kurasa za kitabu ndio uliokuwa nguvu yake katika vichwa vya habari.