John Wesley: Nidhamu iliyotangulia amani

Jina la Kimethodisti, lililofika Ribe karibu na Mombasa mnamo 1862, lilianza kama kejeli. Katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kuanzia 1729, John Wesley na wenzake wachache walichekwa kwa kuishi kwa utaratibu: kuamka mapema, kusoma Maandiko, kufunga Jumatano na Ijumaa, na baadaye kuwazuru wafungwa.

Mwana huyo wa kasisi, aliyezaliwa Epworth mwaka 1703, hakupata utulivu kwa hayo yote. Akiwa safarini kuelekea koloni la Georgia, Amerika, dhoruba ililikumba jahazi lao. Wesley, mfungaji na msalihina, alikiogopa kifo ilhali Wamoravi kutoka Ujerumani waliendelea kuimba. Alirejea 1738 akiwa amevunjika moyo. Ukali wake ulikuwa umewachosha waumini huko.

Mnamo Mei 24 mwaka huo, katika mkutano jijini London, alisikia maandishi ya Martin Luther kuhusu Waraka kwa Warumi yakisomwa. Hapo ndipo alipopata uhakika wa wokovu.

Wengine, pengine, wangeutupa utaratibu ule. Wesley aliushika, ila sasa kama shukrani, si bei ya kununulia neema. Aliendelea kuamka saa kumi alfajiri, akasafiri kwa farasi miaka mingi, kitabu mkononi, akihubiri viwanjani. Mapato ya vitabu vyake yalipoongezeka hakuongeza anasa. Ziada aliwapa maskini hadi alipofariki London mwaka 1791, akiwa na umri wa miaka 87.